"Huongeza joto" au "huongeza upitishaji joto"?

SWALI: Natafsiri maelekezo ya epoksi (gundi ya plastiki inayoganda ikitiwa kigumishi) ya kufunikia saketi za taa za LED. Niliandika: "Chembe za alumina huongeza joto la epoksi. Changanya asilimia 70." Mhariri amezikataa sentensi zote mbili. Kosa liko wapi?

JIBU: Mhariri yuko sahihi. Sentensi ya kwanza inasema kinyume cha kinachotokea. Joto ni nishati inayohama kutoka penye moto zaidi kwenda palipopoa. Kinachosomwa kwenye kipimajoto ni halijoto. Uwezo wa kitu kuliruhusu joto lipite ndani yake ni upitishaji joto. Alumina, yaani oksidi ya alumini, haizalishi joto. Hulipatia joto njia ya kutokea, na halijoto ya taa hushuka. Andika: "Chembe za alumina huongeza upitishaji joto wa epoksi." Hiyo "wa" inafuata upitishaji, si joto.

Sentensi ya pili ni hatari zaidi, maana msomaji ataifanyia kazi. Asilimia 70 ya nini? Densiti (uzito kwa kila kipimo cha ujazo) ya alumina ni kama gramu 3.9 kwa sentimita ya ujazo, ya epoksi kama 1.2. Kwa hiyo asilimia 70 kwa uzito ni takriban 42 tu kwa ujazo. Fundi akidhani ni ujazo, atatia alumina hadi kama asilimia 88 ya uzito wote. Hapo mchanganyiko huwa mzito, haumiminiki, na hufungia mapovu ya hewa, ambayo hupitisha joto vibaya kuliko hata epoksi tupu. Mwingine atapima gramu 70 kwa gramu 100 za epoksi, apate asilimia 41 tu ya uzito. Kata mzizi wa fitina: "Changanya gramu 70 za alumina na gramu 30 za epoksi iliyokwisha kutiwa kigumishi."

Jihadhari pia na "kiasi kidogo huongeza upitishaji maradufu". Chembe za mviringo zilizotawanyika vizuri, zikiwa asilimia 10 ya ujazo, huupandisha kwa takriban theluthi moja tu, hata zingekuwa za madini ya fedha, yanayopitisha joto vizuri mno. Kila chembe imezingirwa na epoksi, na joto halina budi kuivuka epoksi hiyo. Upitishaji hupanda kwa kasi pale chembe zinapokuwa nyingi kiasi cha kukaribiana na kugusana.

Na kitenzi: alumina huongezwa kwenye epoksi, epoksi huongezewa alumina. "Epoksi iliyoongezwa alumina" isahihishwe iwe "iliyoongezewa".