Barua kwa Nafula: majina ya watu wako wa visiwani

Nakuru, Jumapili jioni

Mama,

Sura tatu za hadithi yako ulizonitumia nimezisoma, ya pili mara mbili. Unauliza: hawa Waondasi wako, watu wa visiwa uliowabuni mwenyewe, wawe na jina moja au mawili, na la ukoo litangulie au lifuate?

Kutangulia na kufuata ni jambo dogo. Wahungari na Wajapani wanatanguliza la ukoo na jua linawachwea kama sisi. Mimi ningetaka kujua kwanza ni nani huko visiwani anayeuliza hilo jina la pili. Jina huitwa kabla halijaandikwa. Najua umelisikia kwangu mpaka limekuchosha. Mtu akiwa kwao la pili halimsaidii kitu, mpaka siku anapotokea mwenye daftari. Waturuki wengi waliishi hivyo hivyo hadi mwaka 1934, serikali yao ilipotunga sheria kila mtu achukue jina la ukoo, na rais wao Mustafa Kemal akawa Atatürk. Sasa kwenye visiwa vyako sijaona kodi, sijaona karani, hata mwalimu wa shule hayupo. Huyo Sorun Takel wako, Takel kalitoa wapi?

Unajua mimi ni Wekesa Yohana, baba yako mkubwa ni Wanjala Mukhwana, na baba yako mdogo ni Wafula Khaemba. Kila Krismasi mnatucheka. Baba yetu alikuwa Yohana Mukhwana, mwana wa Khaemba. Wanjala alipoandikishwa shule alitaja jina la baba la kuzaliwa. Mimi niliangukia mwalimu aliyependa majina ya ubatizo. Wafula aliulizwa "jina la familia", akaona haya kusema halipo, akamtaja babu. Tumbo moja, vitambulisho vitatu visivyojuana.

Baba alipokufa tukaenda kufuatilia shamba. Ofisi siitaji. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, alivipanga vile vitambulisho mezani kama anayecheza karata. Akavitazama, kisha akamtazama mama yetu, kukhu (nyanya) yako, aliyekuwa kwenye benchi na kitambaa chake cheusi kichwani. "Mama, una uhakika hawa ni wa baba mmoja?" Foleni nzima inasikia.

Miaka yote hii na bado masikio yanawaka moto. Nilisimama, Wanjala akanivuta shati. Mama hakupandisha sauti. Majina yetu husema majira ya kuzaliwa, naye akayasoma moja moja. Alimnyooshea Wanjala kidole: "Huyu nilimzaa wakati wa njaa, tunakula mboga bila ugali." Akaja kwangu: "Huyu uchungu ulinishika nikivuna wimbi, kisu kikiwa bado mkononi." Halafu Wafula: "Na huyu, mvua ilivuja mpaka kitandani, baba yao akasimama amenishikia sufuria juu ya kichwa." Akamgeukia karani. "Na wewe unaitwa nani?"

"Simiyu."

"Basi mama yako alikuzaa kiangazi. Mimi sijamuuliza na nani."

Foleni ilicheka mpaka askari wa mlangoni akachungulia. Lakini faili halikusogea. Tulirudishwa kwa chifu kutafuta barua, kisha tukaenda kwa wakili kuapa kwamba Yohana Mukhwana, Mukhwana Khaemba na Yohana Khaemba ni mtu mmoja. Tulilipa pesa ili baba yetu awe mtu mmoja.

Hapo ndipo ninapojipinga. Tungekuwa na jina moja la mwisho, mama asingeulizwa lile swali. Kwa hiyo nikuambie uwape? Lakini ukoo sisi Wabukusu tunao, na una kazi nzito, maana ndio unaokukataza kuoa wa ukoo wako. Hatuuandiki tu. Enzi zetu ukimpenda msichana ulimuuliza ukoo wake na wa mama yake kabla ya kumuuliza anaishi wapi. Jina huitwa kabla halijaandikwa, ndiyo, ila shamba halirithiwi kwa kuitwa. Ona, nimejifunga mwenyewe.

Mtazame jirani yetu hapa, yule fundi wa viatu Mkalenjin. Alizaliwa jioni mbuzi wakirudi zizini, akawa Kiprono. Alipotoka jandoni akawa arap Bett, mwana wa Kibet, ile "Ki" ya mbele ikadondoshwa. Jina linalongoja mtu akomae! Waondasi wako wanazaliwa na majina yao kamili na kufa nayo yale yale, kama viatu vya saizi moja.

Na wewe je? Ulizaliwa Januari, Nakuru ni vumbi tupu, tukakuita jina la mvua kwa sababu kukhu yako Nafula alikuwa ametutoka mwaka uliotangulia. Mama yako alilalamika kwamba mtoto atadanganya kila akijitambulisha. Jina lilikuwa limeacha kusema majira, sasa lasema mtu, na ndiyo maana nakuita mama hata nikiwa nimekukasirikia. Kwenye sura zako kila jina lina maana moja tu, na umeieleza kila mara. Nani huko kwao amepewa jina lisilomfaa?

Kama ni mimi ninge... hapana. Hadithi ni yako. Ila huyo Takel, nakuomba, nieleze ni baba yake, ni mlima, au ni kosa la karani.

Wafula anakusalimu. Amepata mjukuu wa kiume, wamemwita Mukhwana, jina la babu yangu wewe na baba yangu mimi. Umelisikia hilo, nimeshachanganya tayari. Ni babu yako. Mukhwana ni jina la pacha wa kwanza na Mulongo la wa pili, lakini mtoto hakuzaliwa pacha, kwa hiyo majirani wanamuuliza mama yake Mulongo amemficha wapi. Nimewaandikia majina kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, waende nayo kumwandikisha mtoto, asije mtu akawaandikia lake. Nafasi ya mwisho nimeiacha wazi. Nilishika kalamu kama mara tatu hivi.

Baba yako