Kipindi cha Viungo: Je, Mpira Peke Yake Unatosha?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa elimu ya viungo katika shule ya sekondari. Vipindi vyetu ni mpira wa miguu, mpira wa pete na mbio fupi, na alama hutolewa kwa kasi na ustadi. Mwaka hadi mwaka hung'ara wachache, wengine wakikaa pembeni. Nimependekeza tuingize kutembea kwa kasi, kuruka kamba, dansi na mazoezi ya nguvu, lakini wenzangu wanahofia kwamba tutaua vipaji. Je, wana haki? Na nitawapimaje wanafunzi?

JIBU: Mwalimu, hofu ya wenzako inaeleweka, ila imeelekezwa pasipo. Mwenye kipaji ana timu ya shule, mazoezi ya jioni na mashindano, ilhali kipindi kilichomo kwenye ratiba ni haki ya kila mwanafunzi. Wengi wao, wakishakuwa na kazi na familia, hawatapata kwa urahisi uwanja wala wenzao 21 wa kucheza nao, lakini kutembea, kuruka kamba au kuogelea kunaweza kufanywa hata na mtu mmoja.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 inataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku, yakiwemo ya kuimarisha misuli na mifupa angalau siku 3 kwa wiki. Vipindi viwili vya wiki haviwezi kufikia kiwango hicho, hata vikiendeshwa vizuri namna gani. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kumfundisha mwanafunzi kujiongoza mwenyewe nje ya kipindi.

Hapo ndipo penye jibu la upimaji. Mfundishe kuhesabu mapigo ya moyo kwenye kifundo cha mkono kwa sekunde 15, kisha azidishe kwa 4. Ajue pia kwamba katika mazoezi ya wastani mtu huweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, na katika mazoezi makali hutamka maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi. Mwishoni mwa muhula apimwe kwa mpango wa mazoezi aliojiandalia, kwa namna anavyoueleza, na kwa hatua aliyopiga tangu mwanzo wa muhula, si kwa nafasi aliyoshika miongoni mwa wenzake. Matokeo yasisomwe mbele ya darasa. Na kukimbia kusitumiwe kamwe kama adhabu (desturi hii, kwa maoni yangu, imewachukiza watu mazoezi kuliko uvivu).

Mpira usiuondoe. Ugawe uwanja, wacheze watatu kwa watatu, kila mmoja auguse mpira mara nyingi zaidi. Mazoezi ya nguvu yaanze kwa uzito wa mwili, yaani kuchuchumaa na pushapu, chini ya usimamizi wako. Anza na darasa moja kwa muhula mmoja, kisha waalike wenzako waje kuhesabu ni wangapi bado wamekaa pembeni.