Fungua Inboksi Kabla ya Kutafuta Wafuasi

Mwenye biashara akinipigia nimsaidie ukurasa wake mtandaoni, swali lake la kwanza karibu kila mara ni lile lile: nitapataje wafuasi wengi? Mimi humwomba kwanza anifungulie inboksi. Picha na idadi ya wafuasi nitaziona baadaye. Nashuka moja kwa moja kwenye meseji ambazo hazijasomwa, na mara nyingi huwa ni nyingi kiasi cha kutia aibu. Watu wameuliza bei, wameuliza rangi, wameuliza kama mzigo unasafirishwa, wakasubiri, wakachoka, wakaenda kwingine. Huyu anayetafuta wageni wapya ana foleni mlangoni na hajui.

Nimesimamia kurasa za biashara za aina nyingi, na nikiulizwa ni kitu gani kinauza mtandaoni, nasema kujibu. Picha nzuri humvuta mtu asimame. Jibu ndilo linalomfanya atoe pesa.

Chukua ukurasa mmoja wa fundi samani niliokabidhiwa. Vitanda vilikuwa vizuri kweli, vimepigwa picha kwenye mwanga wa kutosha. Chini ya kila picha palikuwa na komenti zinazofanana: "Bei?" "Mna futi sita?" "Mnaleta hadi nyumbani?" Na jibu la ukurasa lilikuwa moja kwa wote: "Njoo inboksi." Aliyekubali kwenda huko alijibiwa kesho yake jioni. Hatukuongeza idadi ya posti wala hatukulipia tangazo. Tulirudi kwenye picha zile zile tukaandika maelezo yaliyokosekana: vipimo, aina ya mbao, bei, siku za kutengeneza, na namna gharama ya usafiri inavyopigwa. Kisha simu akapewa mtu mmoja, kazi yake ni kujibu na si vinginevyo. Maswali ya "Bei?" yakapungua, yakaanza kuja ya mtu aliyekwisha amua: "Nikilipa leo, nakipata lini?"

Najua hoja ya wanaoficha bei. Wanasema washindani wataiona. Mshindani wako anaijua bei yako tangu zamani. Alishamtuma shemeji yake aulize. Anayebaki gizani ni mteja, na mteja akifichwa bei hudhani ni kubwa kuliko ilivyo, au kwamba utamkadiria kwa kumtazama. Kama bei hubadilika kulingana na kazi, andika inaanzia ngapi na nini huipandisha. Inatosha.

Kwa upande wa vifaa, programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, inatosha kwa biashara ndogo nyingi. Ina katalogi ya bidhaa, majibu ya haraka unayoyaandaa mapema, na lebo za kutenganisha waliolipa na wanaosubiri. Tumia majibu yale kwa mambo yasiyobadilika, kama mahali mlipo na saa za kazi. Ila mtu akiuliza jambo lake mahususi akarudishiwa maneno ya mashine, anahisi kabisa kuwa hakuna mtu upande wa pili.

Sasa wafuasi. Instagram ilianza mwaka 2016 kuacha kupanga machapisho kwa mfuatano wa muda, ikatanguliza yale inayodhani mtu atayapenda, na Januari 2018 Facebook ikatangaza kwamba ya ndugu na marafiki yatapewa nafasi mbele ya yale ya kurasa za biashara. Kwa hiyo kuwa na wafuasi 10,000 hakumaanishi watu 10,000 wanakuona. Kununua wafuasi huharibu zaidi: akaunti hizo hazisomi, hazikomenti, hazinunui, na mfumo unapoona posti yako inapita kimya mbele ya wafuasi wako wenyewe, hauna sababu ya kuipeleka mbali zaidi.

Halafu ukumbuke kuwa kwenye mitandao hiyo wewe ni mpangaji. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa 6, na aliyekuwa akiuza humo tu alikaa akitazama skrini. Vine, mtandao wa video fupi, ilifungwa mwaka 2017, na Google+, mtandao wa kijamii wa Google, ikafuata mwaka 2019, kila moja na watu waliokuwa wamejenga hadhira humo. Kila anayenunua, muombe namba au barua pepe, mweleze utamtumia nini, na akikataa muache. Orodha hiyo iweke nje ya mtandao wowote wa kijamii.

Matangazo ya kulipia ndipo nimeona pesa nyingi zikiyeyuka. Ukibonyeza tu kile kitufe cha kusukuma posti bila kufikiri, unaweza kujikuta umelipia laiki. Mfumo wa matangazo ni mtiifu kupita kiasi: ukichagua lengo la laiki na komenti, utawatafuta watu wenye tabia ya kubonyeza laiki, na wengi wao hubonyeza kila kitu bila kununua chochote. Chagua lengo la kupata meseji au mauzo, hata kama namba utakazoonyeshwa zitakuwa ndogo na hazitapendeza kwenye kikao. Namba za video nazo zitazame kwa jicho kali. Kwa miaka mingi Facebook ilihesabu kuwa video imetazamwa baada ya sekunde 3, na mwaka 2016 ilikiri kwamba kipimo chake cha wastani wa muda wa kutazama kilikuwa kimezidisha. Mimi bado nina imani na daftari. Kila anayenunua anaulizwa, "Ulituona wapi?" na jibu linaandikwa. Mwisho wa mwezi daftari hilo linanionyesha ni wapi pa kuweka pesa.

Kuhusu mtandao upi wa kuchagua, sina mengi. Anayeuzia makampuni aanze na LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na biashara. Mwenye kazi inayovutia ikionekana inavyofanywa kwa mikono, ajaribu video fupi. Miwili inayohudumiwa vizuri inatosha, kwa sababu ukurasa uliotelekezwa humfanya mtu adhani biashara imekufa.

Limebaki suala la malalamiko, ambalo wengi hulitibu kwa kufuta. Matusi futa. Lalamiko la kweli liache, kisha lijibu hapo hapo hadharani kwa maneno machache: pole, tumeona, tunashughulikia, tutumie namba ya oda kwa inboksi. Hapa inboksi ina kazi yake, kwa kuwa namba ya simu na anwani ya mtu si vya kuanikwa. Usibishane, hata kama yeye ndiye mwenye makosa. Kuna watu wanasoma kimya wakipima ungewafanyia nini wao. Na mkishamalizana huko faraghani, rudi chini ya komenti ile ile uandike mstari mmoja: kitanda kimebadilishwa, kimefika Jumanne. Hatua hii karibu kila mtu huisahau, na wanaopita baadaye hukuta lalamiko tupu, maana inboksi yako hawaioni.