Re: Kuhifadhi mayai kwa chokaa

Dada wa Kongwa, umeuliza kama mayai ya kienyeji yanaweza kuhifadhiwa kwa chokaa ya fundi hadi uyafikishe Soko la Majengo.

Ya fundi hapana. Hujui imechanganywa na nini. Chokaa yenyewe si ngeni kwa yai. Ganda karibu lote ni kalsiamu kaboneti, kama mawe ya chokaa. Likichomwa tanuruni, nyuzi 900 hivi, linatoa kaboni dioksidi na kubaki chokaa isiyozimwa, ile inayochemka yenyewe ikikutana na maji. Hiyo usiicheze, inapofua macho.

Ya mayai ni iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ya daraja la chakula (iliyotengenezwa kwa matumizi ya vyakula), gramu 28 hivi kwa lita moja ya maji. Ukali wake unazuia bakteria, na ikikutana na kaboni dioksidi inarudi kuwa kaboneti, ikiziba vitundu vya ganda. Weka humo mayai mapya, yasiyo na ufa, wala usiyaoshe: utando wa juu ndio kinga. Funika, weka kivulini.

Wakati wa kuyala suuza, toboa kwa sindano kabla ya kuchemsha (vinginevyo yanapasuka), yaive kabisa. Ila ya sokoni, mimi ningeuza mapema, yakiwa mapya. Haya ya chokaa yabaki ya nyumbani.