Ndoto haitafutiwi mstari wa kuisindikiza

Dada mmoja ameniandikia wiki hii. Ameota mara tatu wifi yake amesimama mlangoni, mkasi mkononi, anakata nguo ya mtoto. Tangu ndoto ya pili ameacha kumsalimia. Haniulizi kama amefanya sawa, anaomba mstari wa kusimamia, na mmoja ameshaupata mwenyewe: 2 Wakorintho 6:17, "Tokeni kati yao, mkatengwe nao."

Wengi wetu tunakosea papo hapo, na si kwa kutosoma Biblia. Uamuzi umeshapita moyoni, ndipo Biblia inafunguliwa ije igonge muhuri. Andiko lililoitwa kuja kusema ndiyo haliwezi tena kusema hapana.

Sizipigi vita ndoto. Yusufu mume wa Mariamu aliongozwa kwa ndoto, na Paulo anakataza kutweza unabii. Ila sentensi yake haiishii hapo: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:20-21). Wapo walioshika nusu ya kwanza tu, wapo walioshika ya pili tu, na kila kundi linalishangaa lenzake.

Anza na daftari, asubuhi ileile, kabla hujamsimulia mtu. Gawa ukurasa sehemu tatu. Juu andika ulichoona na ulichosikia, kwa maneno yaleyale. Katikati, unachodhani ndiyo maana yake. Chini, unachotaka kufanya. Ukurasa wa dada yetu ungesomeka hivi. Juu: wifi, mlango, mkasi, nguo ya mtoto, hakuna neno lililosemwa. Katikati: wifi ana nia mbaya na mwanangu. Chini: asikanyage kwangu. Kilichokuja usingizini ni hicho cha juu peke yake. Viwili vilivyobaki amevitunga akiwa macho. (Mkasi hata fundi cherehani anao.) Ndoto ikisimuliwa mara tano kabla ya kuandikwa, sehemu hizo tatu huungana, na mara ya sita mtu atakuapia kwamba aliambiwa waziwazi.

Mfano mzuri uko Matendo 21. Nabii Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo, akasema mwenye mshipi huo atafungwa vivyo hivyo Yerusalemu. Akaishia hapo. Waliomsihi Paulo asiende ni ndugu waliomsikia, na ukweli ni kwamba walimpenda. Paulo hakuubishia unabii, akaenda.

Daftari likishajaa, njoo kwenye mstari uliokujia. Usiusome peke yake: rudi mpaka mada inapoanza, endelea mpaka inapokwisha. Huu wa "tokeni kati yao" unaanzia 6:14 na kuishia 7:1, na habari yake ni nira pamoja na wasioamini, na hekalu la Mungu kuwekwa pamoja na sanamu. Hakuna wifi hapo. Kisha tafuta mwandishi huyohuyo amesema nini kwingine juu ya jambo hilo. Katika 1 Wakorintho 5:9-10 Paulo anafafanua kwamba hakumaanisha waumini wajitenge kabisa na watu wa dunia hii, maana ingebidi watoke duniani. Kazi hii inakula kama nusu saa, na huokoa undugu wa miaka.

Mstari kunukuliwa sawasawa bado hautoshi. Ibilisi alimnukulia Yesu Zaburi ya 91 juu ya malaika kumlinda, akaacha maneno "katika njia zako zote". Naye Yesu alimjibu, "Tena imeandikwa." Neno hilo "tena" ndilo mizani yenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta andiko la pili linalokuunga mkono, tafuta lile ambalo lingekukatalia. Kwa dada yetu yapo mawili ya haraka. Kumbukumbu la Torati 19:15 linataka mashahidi wawili au watatu kabla mtu hajahesabiwa kosa, na ndoto haifiki hata shahidi mmoja. Mathayo 18:15 linasema aliyekosewa aende akazungumze na ndugu yake, wawili peke yao. Kununa hakumo.

Hapo utajikuta mahali pamoja kati ya matatu. Andiko limekataza: basi, imekwisha, usiifungie siku tatu kuomba uthibitisho. Andiko limeagiza: ungepaswa kulitenda hata usingeota. Andiko limenyamaza, kama kuhama mji au kubadili kazi: hapo ndipo muda na ushauri vinafanya kazi. Nabii Yeremia aliambiwa na Mungu kwamba binamu yake Hanameli atakuja kumtaka anunue shamba la Anathothi. Alipokuja kweli na kusema vilevile, ndipo nabii anaandika kwamba akajua neno lile ni la BWANA, akapima shekeli 17 za fedha (Yeremia 32). Ikiwa Yeremia alingoja, na sisi tungoje, hasa pale ambapo hakuna kurudi nyuma: kuuza, kuoa, kuvunja uchumba.

Najua nitaambiwa, "Mbona Petro aliona nguo ikishuka na kuamriwa kula vilivyokatazwa na Walawi 11?" Soma alivyofanya baadaye. Ono lilirudiwa mara tatu, naye bado akaona shaka juu ya maana yake. Alikwenda kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, pamoja na ndugu sita, akakubali kuhojiwa Yerusalemu, akalikumbuka neno la Bwana juu ya ubatizo wa Roho (Matendo 11). Na kwenye baraza la Matendo 15, lililojadili wasio Wayahudi kupokelewa, Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, alilipima jambo lote kwa maneno ya nabii Amosi. Anayemtaja Petro ili asipimwe hajamaliza kusoma.

Kuhusu "nina amani moyoni", nitakuwa mfupi. Yona alilala fofofo merikebuni akimkimbia Mungu. Yesu, akiyafanya mapenzi ya Baba, alikuwa katika dhiki Gethsemane. Amani ni njema, ila mizani si yake.

Mwisho watu. Wawili au watatu, na mmoja awe mtu aliyewahi kukukatalia jambo. Wasomee sehemu ya juu tu ya ukurasa, nyamaza, wasikilize. Ukianza na "Bwana ameniambia" umewafunga midomo. Sema "nimeota, nadhani". Na mtu akikuletea ujumbe wa malaika unaopingana na ulichokwisha kuagizwa na Mungu, soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alimwamini nabii mzee wa Betheli kwa sababu tu naye ni nabii, akala mkate aliokatazwa, na simba akamuua njiani.

Basi, dada yangu, daftari lianze leo na ndoto ya nne ikija iandikwe humo. Wifi yako msalimie kesho asubuhi. Salamu haihitaji kungoja mpaka upate tafsiri.