Shangazi, mwanangu kaniambia haipendi Krismasi

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni mama wa watoto watatu, niko Tabata, naimba kwaya ya kina mama kanisani kwetu. Mwaka jana ukoo wa mume wangu ulikuja kula Krismasi kwetu, watu 18, nikaanza kujiandaa toka mwezi wa 11, nikakopa laki 3 kwenye kikoba nikabadilisha mapazia na vitambaa vya makochi, nikashonesha vitenge sare familia nzima. Siku yenyewe nimeamka saa 9 usiku, pilau, kuku, chapati, sambusa, keki, yani hata ibadani sikwenda, baba yao kaenda na watoto mi nimebaki na masufuria. Walivyorudi yule wa mwisho, ana miaka 7, akakaa chini kwenye vumbi na nguo mpya, nikamfokea mbele ya watu mpaka akawa anatetemeka. Sasa juzi tunaongelea disemba akaniambia "mama mi Krismasi siipendi, unakuwaga mkali". Nimelia sana shangazi. Mwaka huu wanakuja tena. Kanisani tunafundishwa mwanamke wa Mithali 31, taa yake haizimiki usiku, sasa mi nikipunguza si ndo nimeshindwa wajibu wangu? Na mama mkwe nimwambieje?
Mama wa Watatu, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole, na nashukuru umeandika mana najua kina mama wengi wanaisoma hii barua wanajiona humo humo.

Kwanza mtoto. Kabla ya pilau, kabla ya mama mkwe, leo jioni mkalishe huyo wa miaka 7 umwambie mama alikosea kukufokea siku ile, nisamehe. Usiongeze "lakini na wewe ulikaa kwenye vumbi". Nakwambia hivi kwa uchungu kwa sababu mi Krismasi moja nilimzaba kofi mwanangu, kamwagia juisi kitambaa cheupe cha meza, wageni wanaangalia. Leo ana miaka 24, kile kitambaa sijui hata kiliishia wapi, ila yeye ile siku anaikumbuka, na mimi nilichelewa miaka mingi sana kumuomba msamaha. Wewe umeambiwa mapema, mtoto kukwambia hivyo ina maana bado anakuamini.

Sasa Mithali 31. Ni kweli anaamka usiku haujaisha, lakini soma mstari wa 15 wote mpaka mwisho, unasema anawapa chakula watu wa nyumbani mwake na wajakazi wake sehemu zao. Wajakazi mwanangu! Yule mama ana watu wa kumsaidia, wewe umeamka saa 9 peke yako na jiko la gesi la plate mbili unajipima naye. Alafu sioni mahali pameandikwa alikosa kwenda kumwabudu Mungu kwa sababu ya sambusa. Ule mstari wa 28 ndo ungebandika jikoni, wanawe wanaondoka, yani wanainuka, na kumwita heri. Wanawe, sio wageni.

Na Martha wa Luka 10, yule aliyemlalamikia Yesu kwamba ndugu yake kakaa kumsikiliza kamwachia kazi peke yake, tunamuoneaga sana kwenye semina za kina mama, kama vile Bwana alimkataza kupika. Hakumkataza. Alimwambia anasumbuka na kufadhaika kwa vitu vingi, yani shida ilikuwa ile fadhaa, mpaka ukimkuta ndugu yako amekaa kimya unaona kakukosea. Ukienda Yohana 12 kuna karamu Bethania, Martha yupo na bado anatumikia, ila safari hii halalamiki kwa mtu. Hapo ndo nataka ufike mwanangu, sikwambii uache kupika, watu wakija kwako wale washibe, ni baraka. Nakwambia uache kuogopa macho ya watu, mana hayo mapazia uliyokopea kwakweli hukumnunulia Yesu, yeye alilazwa kwenye hori la ng'ombe na wageni wa kwanza wakawa wachungaji wametoka porini usiku, na Mariamu akawapokea hivyo hivyo.

Haya tuje jikoni. Watu 18 wanatosheka na pilau, nyama, kachumbari na matunda, basi. Chapati na sambusa achana nazo, ndo zinazokula usiku wako wote. Tarehe 24 mchana menya vitunguu na vitunguu swaumu vyote, chemsha nyama na tangawizi, supu yake uitunze ya kupikia mchele, weka kwenye friji, alafu jioni muende wote ibada ya mkesha kama kwenu ipo. Kesho yake ukiamka saa 12 kama siku zote unakaanga na kudumbukiza mchele tu. Kama mkesha hamna, nenda ibada ya kwanza asubuhi, chakula kiwe saa 9 mchana, hakuna mtu aliyewahi kufa kwa kusubiri pilau. Watoto wapange viti, wakubwa waoshe vyombo na wa kiume wakiwemo, na baba yao ashike nyama kwenye mkaa. Glasi zikiwa hazifanani ziache. Vitenge sare kama vya mwaka jana bado vinawatosha si wavae, na wakitoka kanisani wape nguo za kuchezea, vumbi waingie wanavyotaka.

Kuhusu mama mkwe, usisubiri aje akute. Mpigie simu mapema, wewe mwenyewe sio mumeo, mwambie "mama shikamoo, mwaka huu nataka na mimi niende kanisani na wanangu, kwahiyo nitapika pilau na nyama, naomba unisaidie kuwaambia mawifi kila mmoja aje na kitu, wa chapati, wa soda, wa keki". Ukimuomba msaada anakuwa mwenzio kwenye shughuli. Inawezekana akaguna, au wifi mmoja akasema maneno, na yatakuuma, sikufichi. Mumeo mwambie mapema ajue ulichoamua ili wakisema awe upande wako, asikae kimya kama hajasikia.

Mapazia ya mwaka jana yafue kama tarehe 20 uyarudishe madirishani. Na kikoba mwaka huu usiguse, januari kuna ada na madaftari ya watoto watatu.