Tusilipie mara mbili

Swali la wiki liliuliza: je, televisheni ya umma, yaani TBC, ishindane na kampuni binafsi kwenye intaneti? Mimi nasema iwepo huko na kila kitu ilichokitengeneza, bure, maana kodi zetu zimeshakilipia, ila mpira iwaachie wenye mpira. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na shirikisho la soka, TFF, mkataba wa miaka 10 wa Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. TBC haina sababu ya kuzikimbiza fedha za namna hiyo. Siku ya Simba na Yanga, hapa Kigoma asiye na king'amuzi anaingia kibanda umiza, banda la kuonesha mpira kwa kiingilio, na mambo yanaisha.

Kibanda umiza hakioneshi Bunge. Januari 2016 serikali ilitangaza kuwa TBC haitarusha tena vikao vyote moja kwa moja, sababu ikiwa gharama. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kila mtu hapa mwaloni Kibirizi alikuwa na maswali, na majibu mengi yalikuja kwa vipande vya WhatsApp visivyo na mwanzo wala mwisho. Maelezo kamili ya jambo kama lile yanatakiwa yakae mahali pamoja mtandaoni, mvuvi ayakute hata baada ya wiki tatu. Kampuni binafsi haitafanya hivyo, maana hakuna faida, na siilaumu.

Naikubali hoja moja ya kampuni binafsi: anayepata ruzuku akichukua na matangazo ya biashara, anawabana. Basi mtandaoni TBC isiuze matangazo. Lakini wasitake ifungiwe. Uingereza, BBC ilizindua iPlayer, huduma ya kutazama vipindi vyake mtandaoni, Desemba 2007, kisha tawi lake la biashara likapanga jukwaa la pamoja na Channel 4 na ITV (ya kwao, si ya Mikocheni). Februari 2009 tume ya ushindani ikalizuia, ikihofia litawameza wengine. Januari 2012 Netflix ikaingia nchini humo. BBC na ITV walipokuja na jukwaa lao la BritBox mwaka 2019, mgeni alishajichukulia watazamaji. Hapa nyumbani pia tunaweza kuzozana hivyohivyo mpaka watoto wetu wasijue kipindi chochote cha Kitanzania.

Halafu kuna bando. Pale mwaloni simu zipo, ila video ya nusu saa watu wanaiogopa. Mtu anashusha ubora hadi 144, sura ya waziri inakuwa vipandevipande, anabaki na sauti tu, na bado MB zinakatika. Kwa hiyo naiomba TBC iweke kila kipindi cha habari na cha Bunge kwa sauti peke yake pia, faili dogo la kupakua, na serikali ikae na kampuni za simu ili faili hizo zisile bando. Waanze na bajeti ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

Msomaji, Mwanga, Kigoma